Flamingo Chini ya Ng'ombe

Rangi zote ninazozitoa kwenye picha zangu huenda Ziwa Balangida. Hilo nimelisema kilabuni, nimelisema kwenye foleni ya kitubio, na niliwahi kulisema mbele ya bwana mmoja wa wilayani aliyekuwa akiandika kila neno, sijui alikwenda kumpa nani. Zinateremka na maji ya mvua, zinatulia kwenye chumvi, flamingo wanazinywa. Kabla sijapata simu, flamingo wa Balangida walikuwa weupe kama kuku wa mradi. Waulizeni wa rika langu. Tumebaki watatu, na mmoja hasikii.

Naitwa Akonaay, wa kijiji cha Daudi. Miaka thelathini na moja niliendesha greda, nikichonga barabara za Mbulu na Hanang, mpaka nikawa najua kila kona ilipo hata nikiwa nimelala, na mara nyingine nilikuwa nimelala kweli. Nilipostaafu, binti yangu Agatha akanitumia simu yenye kamera. Kupiga picha hakuna aliyenifundisha. Nilikaa na simu ile kama mtu aliyepewa ndama asiyejua kunyonya, nikamtia kidole mdomoni mpaka tukaelewana.

Siku moja nikagundua mle ndani kuna programu ambayo ukigusa rangi moja, hiyo inabaki, na dunia nyingine yote inageuka majivu. Nilikaa mlangoni nikaitazama picha yangu ya kwanza hadi chai ikapoa. Ilikuwa bombani, foleni ya watu na ndoo, wote majivu, isipokuwa dumu moja la njano. Dumu lile nililiona kila siku ya maisha yangu, lakini siku ile lilikuwa limekaa pale kama mtu aliyeitwa jina lake.

Basi nikaanza kuzunguka. Minadani, stendi, njia panda, hadi kwenye milango ya watu nisiowajua. Mwanzoni niliacha rangi mbili, tatu, picha ikawa kama kamba ya kuanikia nguo. Nikajifunza kuacha moja tu, tena ya kitu kimoja. Mkungu mbichi wa ndizi kwenye pikipiki. Sweta la bluu la mama anayevuka barabara na kuku kwapani. Asubuhi za ukungu ndizo nzuri kuliko zote, maana ukungu wa Daudi unakuwa umeshakusaidia nusu ya kazi, unakuachia kumalizia tu.

Nyekundu ndiyo jeuri. Udongo wetu ni mwekundu, matofali ni mekundu, hata watu wana wekundu mashavuni na kwenye visigino. Ukiiambia simu iache wekundu wa kitambaa fulani, inaacha kitambaa, halafu inaacha na barabara, na midomo ya watu, na ukuta wa jirani. Inabidi ufute kwa kidole, taratibu, kila mahali ambapo nyekundu imejiingiza bila kualikwa. Shikeni hilo, tutalihitaji.

Sasa Bura.

Bura alikuwa jirani yangu. Shamba lake na langu yametenganishwa na mstari wa minyaa. Miaka sita iliyopita, siku ya mvua, nilimkuta kwenye mnada wa upande wa Nangwa. Alikuwa amenunua mtamba. Huku kwetu mashamba yamegawanywa, yakagawanywa tena, mpaka ng'ombe akigeuka anakanyaga maharage ya mtu mwingine. Kwa hiyo mtu akipata ng'ombe wa ziada humweka kwa rafiki kule mbugani. Rafiki anachunga, anakamua, maziwa ni yake. Ng'ombe na uzao wote unabaki kuwa wa mwenyewe. Na ng'ombe aliyewekwa hatajwi. Wanajua watu wawili tu, aliyeweka na aliyepokea. Hata wake hawaambiwi yupi ni yupi, maana kuna macho ya watu, na kuna ndugu ambao shida zao huzaliwa siku wanayosikia una ng'ombe.

Rafiki wa Bura alikuwa Mbarbaig mmoja, mfugaji wa chini ya mlima Hanang. Siku ile naye alikuwa amenunua mitamba wawili, na hao watatu wangeondoka pamoja. Bura alisimama kwenye mvua chini ya mwamvuli mwekundu wa mke wake, Letisia, ameshika kamba. Nyuma yake mtamba. Miguuni pao dimbwi la maji lenye upana wa mkeka. Mvua yenyewe ilikuwa ile nyembamba, inayoning'inia tu hewani, na mnada mzima ulikuwa umefifia kama jambo la zamani.

"Mzee, umenipiga?" akauliza Bura.

"Nimekupiga."

"Na huyu wa nyuma?"

"Na huyo pia."

"Basi huyo hujamwona."

"Nimwone wapi, Bura? Macho yangu yote yako kwenye mwamvuli."

Nilidhani namtania. Kumbe ndiyo siku pekee niliyosema kweli tupu.

Kesho yake nikakaa na chai, nikaacha wekundu wa mwamvuli, nikaanza kufuta. Nilifuta udongo wa mnada, nilifuta mashavu ya Bura, nilifuta kila kitu kilichothubutu kuwa chekundu bila ruhusa yangu. Saa mbili nzima, kidole kikafa ganzi. Mwisho likabaki doa moja jekundu chini kabisa, ndani ya dimbwi, dogo kama punje ya haragwe. Nikaliona, nikasema potelea mbali. Nikaisafisha picha mjini Katesh, nikaitia fremu, nikampa Bura, akaitundika ukutani.

Letisia ndiye aliyeliona doa. "Mzee, hapa kwenye maji pana nini?"

"Flamingo," nikasema. "Mvua zikinyesha wanasafiri chini ya ardhi kutoka Balangida. Huyo alikuwa amepumzika chini ya dimbwi, nikamwahi."

Letisia alicheka mpaka akamwaga chai.

Na ile siri ya Bura niliitunza. Ila mimi kunyamaza sijui, kwa hiyo niliifunika kwa uongo. Kilabuni wakiniuliza ng'ombe wa kwenye picha yukoje, mmoja nilimwambia ni mweupe mwenye kope ndefu. Mwingine nilimwambia ni mweusi kama tako la sufuria. Nikamwambia Renatus, mnywaji mwenzangu, ni wa bluu, lakini wakati wa kiangazi tu. Mwaka wa tatu ulipofika, ukweli ulikuwa umejichanganya humo na ndugu zake, nami mwenyewe sikuweza tena kuuchagua. Picha ya asili ilikuwa kwenye simu ya kwanza, na simu ya kwanza ilitumbukia chooni. Sikuifuata.

Mwaka jana yule rafiki wa mbugani akafa. Mwaka huu, Kwaresima, akafa Bura.

Jumanne moja asubuhi Letisia akaingia kwangu, picha ameifunga ndani ya kitenge.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

"Sikai. Mzee, yule ng'ombe alikuwa na rangi gani?"

Nikafungua mdomo. Rangi tano zikaja kwa mkupuo, zikakwama mlangoni.

"Mzee Akonaay?"

"Nafikiri."

"Wewe? Tangu lini?"

Akanieleza amesimama. Kabla ya kufa, Bura alimwambia kwamba amemwachia ng'ombe kule Hanang, yule wa kwenye picha. Letisia akampigia simu mdogo wa yule marehemu rafiki wa Bura, anaitwa Gidamis. Gidamis hakukataa. Alisema ni kweli, mitamba watatu waliingia siku moja, wawili wa kaka yake na mmoja wa Mmbulu. Lakini wote hawakuwa na baka hata moja, wote walikatwa alama ya sikio wiki ileile, na kaka hakumwambia mtu yupi ni wa mgeni. Desturi ndivyo ilivyo. Na Alhamisi Gidamis anahama na mifugo kwenda mbali, kupita Singida, maana majani yameisha. Akishahama, nani atamtafuta wapi?

"Bura mwenyewe hakukwambia rangi?"

"Nilimuuliza. Akacheka, akasema ng'ombe wangu ana rangi ya picha." Akaipiga fremu kwa kidole. "Rangi ya picha ni majivu, mzee. Nina watoto wanne. Samadi naomba kwa watu, maziwa ya chai naomba kwa watu. Leo sikuombi hadithi. Nakuomba rangi."

Sikuwa nayo. Nikavaa koti.

Jumatano tulishuka kwa pikipiki ya kukodi. Daudi tuliiacha ndani ya ukungu, na kila tuliposhuka, rangi zilirudi moja moja kama watu wanaochelewa misa, kwanza kijani cha ngano, halafu kahawia, halafu vumbi. Letisia alikuwa ameipakata picha. Mimi nilifumba macho, nikijaribu kurudi kwenye ile mvua. Nilimwona Bura. Niliuona mwamvuli vizuri sana, hata mahali uliposhonwa kwa uzi wa bluu. Niliifuata kamba kutoka mkononi mwake, pole pole, inchi kwa inchi, na ilipoishia palikuwa na tundu lenye umbo la ng'ombe, na kupitia tundu hilo niliona mvua ikiendelea kunyesha. Nilijaribu mara tatu. Mara ya tatu tundu liligeuza kichwa likanitazama.

Tulipita Endasak, mlima Hanang ukiwa umevaa wingu lake, na baada ya Nangwa tukaacha pikipiki tukatembea. Ziwa lilionekana kwa mbali, jeupe, na pembezoni mwake mstari mwembamba wa pinki. Letisia aliutazama mstari ule, kisha akanitazama mimi. Nikatangulia.

Gidamis alitupokea nje ya boma la miiba. Alikuwa mrefu, na shuka lake lilikuwa limepauka kwa jua.

"Shikamoo, mzee wa greda. Nakukumbuka. Ulichonga barabara yetu ikaelekea ziwani."

"Marahaba. Barabara ilikuwa na kiu."

Akacheka, akatukaribisha. Wazee watatu walikuwa wamekaa kwenye vigoda. Mbele yao, ng'ombe watatu walikuwa wametengwa, kila mmoja na uzao wake. Wa kwanza alikuwa wa kijivu kama jiwe, peke yake, maana ni tasa. Wa pili alikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, amezungukwa na watoto wanne na mjukuu mmoja kama mwenyekiti wa jumuiya. Wa tatu alikuwa mwekundu, ana mtamba wake mmoja na ndama anayenyonya.

Gidamis akaichukua picha, akaisogeza, akaiweka mbali. Katika picha ile yule mtamba angeweza kuwa yeyote kati yao. Kijivu, chai na nyekundu, nilikuwa nimezisaga zote zikawa unga mmoja.

"Kwa hiyo rangi ulikuwa nazo," akasema Gidamis, "ukazitupa."

"Sikuzitupa, nilizi..."

"Ukaacha mwamvuli."

"Ndiyo."

"Mwamvuli unazaa?"

Wazee wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Gidamis hakucheka. "Sisi huku ng'ombe tunamwita kwa rangi yake, mzee. Rangi ndiyo jina. Wewe umempiga mtu picha, halafu ukamfuta jina, ukaacha kofia."

Miaka yote niliyopiga picha sikuwahi kusikia mtu akiisema kazi yangu vizuri namna ile, na ilikuwa inaniuma.

Mzee mkubwa kuliko wote akaweka fimbo chini. "Lakini wewe ulikuwepo," akasema. "Uliwaona kwa macho. Picha iacheni. Sema wewe yupi, na neno lako tutalichukua. Huyu mama aende na ng'ombe wake kabla hatujahama."

Nitawaambieni kilichonipata. Kule Daudi nikisema leo ni Jumapili, watu wanatazama kalenda. Na hapa wazee watatu wasionijua walikuwa wanangoja neno langu, na walikuwa tayari kulibeba jinsi lilivyo. Upepo ukasimama. Ng'ombe wakaacha kutafuna, au niliona hivyo. Nikamtazama yule wa chai ya maziwa na watoto wake wanne na mjukuu. Nikamfikiria Letisia akipanda navyo vyote hivyo hadi Daudi, vichwa sita. Nikawaza, Akonaay, umedanganya miaka sabini bila faida ya mtu, leo danganya mara moja kwa ajili ya mjane. Fimbo yangu ikainuka yenyewe. Ikaanza kuelekea kulekule.

"Mzee, ngoja."

Letisia alikuwa ameichukua picha kutoka kwa Gidamis, ameitoa kwenye fremu, anaitazama juani, pua karibu iguse karatasi.

"Yule flamingo wako," akasema, "ana miguu mingapi?"

"Mwanangu, sasa si wakati wa..."

"Mingapi?"

"Miwili. Tena akilala hutumia mmoja."

"Huyu ana minne."

Mzee mmoja akauliza, "Flamingo gani?"

Letisia akawapelekea picha, akawaonyesha lile doa ndani ya dimbwi. Kule nyumbani ilikuwa juu ukutani, nyuma ya kioo chenye moshi wa miaka sita, na doa lilikuwa doa. Hapa, kwenye jua la Hanang, lilikuwa na tumbo. Lilikuwa na vijiti vinne, vinaelekea juu. Gidamis akaigeuza picha kichwa chini, miguu juu. Na pale, ndani ya anga lililokuwa limeangukia kwenye dimbwi, alisimama ng'ombe mmoja mdogo kama haragwe, mwekundu, na mkia wake, na kamba yake shingoni.

Kidole changu kilikuwa kimemfuta ng'ombe pale juu, kwa saa mbili za bidii. Kwenye maji hakikumfikia.

"Huenda ni kivuli cha mwamvuli," akasema mzee wa pembeni.

"Mwamvuli uko huku," akasema Gidamis, "maji yako huku. Na mwamvuli uliuona wapi una mkia?" Kisha akanigeukia mimi. "Mzee, flamingo ni nini hapa?"

Fimbo yangu ilikuwa bado hewani. Nikaishusha.

"Hakuna flamingo," nikasema. "Sikujua ni nini. Niliona doa nikaona uvivu, nikamtungia huyu mama hadithi. Nilifuta kila chekundu kwenye picha ile isipokuwa mwamvuli, kwa hiyo ng'ombe kama alikuwa mwekundu nilimfuta mimi. Rangi yake sikuikumbuka leo, na sikuikumbuka jana. Na nilikuwa karibu kuwadanganya."

"Tuliiona fimbo yako ilikokuwa inakwenda," akasema mzee mkubwa.

"Mimi pia niliiona," akasema Letisia.

Nikamtazama. Alikuwa ameiona. Kuhesabu anajua, tena vizuri kuliko mimi. Alijua upande ule kulikuwa na vichwa sita na upande huu vitatu, na bado aliuliza miguu ni mingapi.

"Wa Bura ndiye wa Bura," akasema, akiirudisha picha ndani ya kitenge. "Wa mtu mwingine nimpeleke wapi?"

Gidamis akaingia kati ya ng'ombe, akang'oa majani machache makavu yaliyosalia kando ya miiba, akayaweka juu ya mgongo wa yule mwekundu, akambariki kwa lugha yake. Akamkabidhi Letisia kamba. Wazee wakavuma pamoja, chini chini, sauti kama ya mizinga ya nyuki iliyo mbali. Tukanywa maziwa yake ya mwisho ya pale, yananukia moshi wa kibuyu. Gidamis akaniambia nikija tena nije na miguu tu, simu niiache Daudi. Baadaye akaniomba nimpige picha na ng'ombe wake. "Na rangi zote," akasema. "Ukimfuta mmoja nitakuja kukutafuta hadi kanisani."

Nilimpiga. Rangi zote. Ni picha yenye makelele kweli, shuka na vumbi na mafahali, na yeye ameridhika nayo.

Tulipanda na ng'ombe siku tatu, tukilala kwa wajomba wa Letisia njiani. Siku ya tatu asubuhi tukaingia kwenye ukungu wetu. Ulishuka mara moja, kama mtu aliyefunga mlango. Minyaa ikawa majivu. Barabara niliyoichonga kwa mikono yangu ikawa majivu. Letisia mbele, na kitenge chake cha maua ya njano, akawa majivu. Mtamba na ndama wakayeyuka, nikawa nasikia kwato tu. Na katikati ya yote hayo alikwenda yule ng'ombe, mwekundu, mwekundu kabisa, anatoa mvuke puani, kana kwamba kuna mtu huko juu aliyemgusa yeye peke yake kwa kidole. Nikatoa simu. Nikapiga moja.

Sikuigusa. Naapa kwa greda langu, picha ile sijaipitisha kwenye programu yoyote.

Niliipeleka kilabuni. Ikazunguka mkono kwa mkono. Renatus akaitazama, akanirudishia simu, akafuta povu mdomoni.

"Hapa umejitahidi, mzee," akasema. "Umefuta vizuri sana. Hata barabara umeiweza."

"Sijafuta kitu! Ukungu ndio uliofanya!"

"Na rangi zimekwenda Balangida."

Wakacheka wote. Nikawaambia kama hamniamini, nendeni kwa Letisia mkamuulize, alikuwepo. Watatu wakaenda kweli, kesho yake. Letisia akawakaribisha chai ya maziwa, vikombe viwili viwili. Wakarudi wameshiba, wakaniambia chai ni nzuri, ng'ombe ni mwekundu kweli, hawabishi. Kuuliza habari za ukungu wakasahau.